Maswali ya Wasomaji: Kusafisha Mifuko ya Kitambaa ya Kupandia

Tumepokea barua kadhaa kuhusu mifuko ya kitambaa inayotumika kupandia mboga na maua badala ya vyungu. Tumechagua tatu ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Mhariri, salamu. Nimemaliza kuvuna pilipili hoho kwenye mifuko ya kitambaa ya lita 20. Kwa nje mifuko imefanya utando mweupe kama chumvi, upande usiopigwa na jua umegeuka kijani, na ndani vimizizi vimeng'ang'ania kitambaa. Je, haitoshi kumwaga udongo wa zamani na kujaza mpya? Jirani yangu hafui mifuko yake hata siku moja, na mimea yake inastawi.

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yako hajakosea sana. Mfuko uliobeba mmea wenye afya, na ambao kitambaa chake bado kinapitisha maji na hewa, unaweza kupigwa brashi tu na kujazwa udongo mpya. Mifuko yako, kwa jinsi ulivyoieleza, imevuka hatua hiyo.

Faida ya mfuko wa kitambaa iko katika vitundu vyake. Ncha ya mzizi inapofika ukingoni na kukutana na hewa hukauka, kisha mzizi huo huchipua matawi nyuma ya ncha iliyokufa, na kwa njia hiyo mmea hupata mizizi mingi midogo badala ya michache inayozunguka ndani kama ilivyo katika chungu cha plastiki. Vitundu vikizibwa na chumvi, tope laini au mwani, mfuko hubaki mfuko kwa jina tu. Zaidi ya hayo, utando mweupe haukai nje daima: unapomwagilia, sehemu yake huyeyuka na kurudi kwenye udongo mpya, na miche michanga ndiyo huumia kwanza, ikaungua ncha za majani.

Anza kwa kukausha. Acha kumwagilia siku chache kabla ya kumwaga udongo, halafu geuza mfuko ndani nje, uning'inize mahali penye upepo mpaka ukauke kabisa, kisha uukung'ute na kuupiga brashi ngumu, ukiwa nje na umejifunga kitambaa puani kwa sababu vumbi lake si dogo. Vimizizi vikikauka hukatika na kutoka kwa mafungu kama manyoya. Vikiwa vibichi hupakaza tope ndani ya nyuzi, na ukivivuta kwa nguvu huondoka na nyuzi zenyewe. Vichache vinavyobaki visikusumbue, mradi mmea haukuwa mgonjwa.

Baada ya hapo loweka mfuko katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo isiyo na manukato, sugua pande zote mbili, na ubadilishe maji mpaka yaache kutoka na rangi ya chai. Hapo ndipo utakapoujua utando mweupe ni wa aina gani. Ukiyeyuka kwa maji matupu, ni chumvi ya mbolea, na huenda umekuwa ukiweka mbolea nyingi kuliko mahitaji ya mmea. Usipoyeyuka, dondoshea siki: ukitoa povu dogo, ni chokaa iliyotoka katika maji magumu, nayo huondolewa kwa kuloweka mfuko saa moja katika siki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa nne, kisha kusuuza vizuri.

Kuua vijidudu ni hatua ya mwisho, na watu wengi huifanya ya kwanza. Klorini iliyo katika dawa ya kung'arishia nguo huisha nguvu inapokutana na udongo na mabaki ya mizizi, kwa hiyo ukiimimina kwenye mfuko mchafu utakuwa umeipoteza dawa bure. Mfuko ukiwa umetakata, changanya sehemu moja ya dawa na sehemu tisa za maji, uzamishe mfuko wote na uukandamize kwa jiwe usielee, uache nusu saa, kisha uusuuze mpaka harufu ipotee. Vaa glavu, na tengeneza mchanganyiko mpya kila mara kwa kuwa haukai na nguvu yake. Kamwe usichanganye dawa hiyo na siki, wala usitie mfuko wenye siki ndani yake, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Maji ya kusuuzia nayo usiyamwage penye mimea.

Ukitaka kuhakikisha kwamba kazi imekwisha, tandaza upande mmoja wa mfuko mikononi na mwenzako amimine maji juu yake. Yakipenya papo hapo, vitundu vimefunguka. Yakikusanyika na kuteleza pembeni, rudia kusugua.

SWALI: Nyanya zangu zilinyauka ghafla zikiwa bado za kijani, zikafa. Je, nikiifua mifuko kwa dawa ninaweza kupanda nyanya tena humo?

JIBU: Itategemea kilichoziua. Kata kipande cha shina karibu na udongo, ukining'inize wima katika glasi safi yenye maji, ncha ya chini ikiwa imezama, na utazame bila kuitikisa. Baada ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Usipoziona, pasua shina kwa urefu: michirizi ya kahawia chini ya ganda huashiria mnyauko unaoletwa na kuvu. Mizizi nayo uikague, kwani vinundu juu yake ni dalili ya minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayoshambulia mizizi.

Kwa magonjwa hayo ya mnyauko, ushauri wangu ni kuitupa mifuko pamoja na udongo wake, wala usiupeleke udongo huo kwenye mboji. Kitambaa kina unene, dawa haifiki kila mahali, na bei ya mfuko mpya ni ndogo kuliko hasara ya msimu mzima. Kwa minyoo fundo, mfuko uliosafishwa kikamilifu na kukaushwa mpaka ndani ya mishono unaweza kurudi kazini, lakini nyanya zisiwe za kwanza kurudi humo. Bilinganya na pilipili pia ziepuke, kwa sababu ni za jamii moja na nyanya. Kama ugonjwa ulikuwa wa ubwiri, yaani ukungu, kwenye majani tu, mifuko haina tatizo kubwa. Isafishe kama nilivyoeleza hapo juu.

SWALI: Je, mashine ya kufulia inafaa? Na mifuko ihifadhiwe vipi?

JIBU: Inafaa baada ya udongo wote kupigwa brashi, la sivyo mchanga utaziba bomba la kutolea maji. Tumia maji baridi na mzunguko wa polepole, bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo hupaka nyuzi utando. Usiukaushe mfuko katika mashine ya joto, kwani mingi ni ya polipropilini, aina ya plastiki, na joto huikunja. Ile ya katani au pamba usiitie dawa yenye klorini, kwa sababu nyuzi za mimea hulika.

Mifuko ikaushwe juani, lakini ikishakauka iwekwe kivulini, maana jua la miezi hufanya kitambaa kivunjike kama karatasi. Usikunje mfuko wenye unyevu hata kidogo. Funga kikaratasi chenye jina la zao lililokuwamo ili ujue la kubadilisha, na kabla ya kujaza tena vuta mishikio kwa nguvu: mfuko wa lita 40 wenye udongo ulioloa unaweza kufikia kilo 40 na zaidi, na mshono uliochoka hukatika wakati wa kuuhamisha, mmea ukiwa na matunda.