Kabla hujaitazama Days of Heaven, zima taa

Filamu hii nimeshawawekea wageni wengi sebuleni kwangu, na karibu kila mara kuna atakayeuliza mapema, "Mbona hawaongei?" Ndiyo maana siku hizi natoa maelekezo kwanza.

Usiitazame kwenye simu. Days of Heaven ya mwongozaji Terrence Malick, iliyotoka 1978, sehemu kubwa ilirekodiwa Alberta, Kanada, katika ule muda mfupi baada ya jua kuzama, mbingu ikiwa bado ina mwanga lakini vivuli vimeshatoweka. Néstor Almendros, mpiga picha wake, alipata Oscar kwa kazi hiyo. Ukiitazama mchana kwenye skrini ndogo, ngano, nyuso za vibarua na ile nyumba ya tajiri iliyosimama peke yake uwandani, vyote vinakuwa weusi mtupu. Funga mapazia.

Hadithi nakusimulia bila wasiwasi, kwani utamu hauko kwenye kubahatisha kitakachotokea. Ni mwaka 1916. Bill anagombana na msimamizi wake kiwandani Chicago, anatoroka na mpenzi wake Abby na dada yake mdogo, Linda. Wanadandia treni hadi mashamba ya ngano Texas, wakijidai Bill na Abby ni kaka na dada. Tajiri mwenye shamba anampenda Abby. Bill, akishasikia kwamba tajiri huyo ni mgonjwa na siku zake zinahesabika, anamshawishi Abby akubali ndoa.

Sasa tega sikio kwa Linda. Ndiye msimulizi, na sauti yake ni kavu, ya mtoto wa mtaani asiyejipendekeza kwa mtu. Mengi ya maneno hayo Linda Manz, mwigizaji wake, aliyatunga papo hapo. Hakufafanulii mapenzi ya wakubwa. Hiyo kazi ni ya macho yako. Usiku mmoja Bill na Abby wanatoroka kwenda mtoni kunywa mvinyo. Glasi inaponyoka, kamera inaifuata hadi chini ya maji, imelala kwenye mchanga. Hakuna anayesema neno. Mgeni aliyekuwa anachezea simu wakati huo, kwangu mimi hajaiona filamu.

Nzige nao wakija, angalia wanavyopaa. Kwa picha za mbali, helikopta zilimwaga maganda ya karanga, waigizaji wakatembea kinyumenyume, huku mkanda ukizunguka kinyume ndani ya kamera. Mimi najua mbinu hiyo na bado mwili unanisisimka.

Lawama yangu ni moja. Mapema msimamizi wa shamba anamkata Abby ujira, eti anapoteza ngano, na hapo unaonja ukibarua wenyewe. Mavuno yakiisha, vibarua wanaondoka na treni, na filamu inabaki na matatizo ya watu wachache wa nyumba kubwa. Ningependa dakika kumi zaidi za wale waliopanda treni. Nafasi ilikuwepo, maana filamu yote ni dakika 94 tu.