Maharage si ghali, ghali ni mkaa (uzoefu wangu Manzese)

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini watu wa uswahilini tunashindia chipsi wakati soko la Mabibo liko pua na mdomo, ukapendekeza tupewe semina ya lishe. Semina nimehudhuria mbili, soda nimekunywa. Kwamba maharage na mchicha ni bora kuliko chipsi, hata mwanangu wa darasa la pili anajua.

Nimepanga Manzese, hapa Dar es Salaam, mwaka wa tisa sasa, nyumba ya vyumba sita, uani bomba moja. Nusu kilo ya maharage naimudu. Kuyaivisha ndiyo kazi: yanamaliza kopo zima la mkaa, mkaa ambao ungenipikia siku mbili. Chipsi zinakuja zimeshaiva. Anayelipwa kwa siku akinunua chipsi si mjinga, anabana mkaa. Halafu hela ni ya siku na friji hatuna, kwa hiyo kila kitu ni cha kupima: mafuta ya kijiko, sukari robo, fungu la nyanya la jero (mia tano). Piga hesabu ya mwezi uone kama mwenye friji wa Masaki, kule kwa matajiri, hanunui rahisi kuliko mimi.

Kilichotusaidia ni kupika maharage sufuria moja nyumba nzima. Tunaloweka usiku, asubuhi tunamwaga yale maji, jiko moja linawaka uani, kila chumba kinakuja na bakuli lake. Wiki ya kwanza tuligombania chumvi, maana mmoja ana presha, mwingine bila chumvi hali. Sasa tunachemsha matupu, kila mtu anaunga kwake, mwenye nazi na nazi yake.

Nyanya zilitushinda. Tulichangishana tukabeba tenga zima alfajiri. Siku ya nne nyingi zimeoza na majirani wawili hawasalimiani. Tukabaki na visivyooza haraka: maharage, vitunguu, dagaa.

Mboga za majani ndiyo bado mtihani. Mchicha wa bonde la Msimbazi ni wa bei poa, lakini maji yanayoumwagilia nayaona kwa macho yangu, yanapita kwenye taka za nusu ya mji. Nikapanda wangu kwenye viroba, wiki ya nne nikavuna. Mwenye nyumba akaja juu, eti ukuta wake unalowana. Viroba viko kwa mama wa genge sasa, anamwagilia yeye, tunagawana nusu kwa nusu.