Kuzaliwa Uingereza si kupata uraia

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti umenipandisha hasira. Nani kakwambia uje na viza ya matembezi, ujifungue huku, mtoto awe Mwingereza? Hizo ni stori za saluni. Tangu Januari 1983, mtoto anayezaliwa Uingereza hapati uraia mpaka mzazi wake mmoja awe raia au awe na ukaazi wa kudumu. Cheti cha kuzaliwa atapewa. Ndiyo basi.

Mwangalie mwanangu. Kazaliwa Birmingham, Kiswahili anaokoteza, na paspoti yake ni ya Tanzania kwa kuwa sisi tulikuwa na vibali vya muda. Kila kibali kikiisha namlipia ada ya viza, na juu yake ya matibabu, pauni 776 kwa mwaka. Mtoto aliyezaliwa hapahapa! Darasa lao lilipokwenda Ufaransa, viza yake haikutoka kwa wakati, akabaki. Alinuna wiki nzima akiniuliza kosa lake nini.

Mama analalamika simleti mjukuu akae naye Tanga. Mweleweshe. Sheria inampa haki ya kuandikishwa uraia akifikisha miaka 10, lakini kila mwaka katika hiyo asiwe amekaa nje zaidi ya siku 90. Roho inaniuma, ila hata likizo nazipimia. Na ada ya kuandikishwa si ndogo. Akiupata, atakapotimiza miaka 18 Tanzania nayo itamtaka achague, maana kwetu mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili.

Hospitali nayo usidhani ni bure. Mgeni wa matembezi hutozwa asilimia 150 ya gharama. Ukiwa na uchungu hawakufukuzi, ila bili inakufuata, na deni la kuanzia pauni 500 linaweza kukunyima viza baadaye.

Zalia nyumbani, mama akukande, ule uji wako wa pilipili manga. Usije! Lakini siku ukipata kibali halali cha kazi au masomo, njoo, wala usinisikilize. Shule za watoto huku ni nzuri na hulipi. Ila anayekuahidi kazi ya kulea wazee mkimbie, tangu Julai 2025 hawachukui tena watu wapya kutoka nje.

Hela ya tiketi usimpe yule wakala. Vifaa vya mtoto nitalipia mimi, hela nitatuma kwenye simu ya mama mwisho wa mwezi.