Kabla hujauza kitu ukalipie ramani ya ubongo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Muheza, dereva wa bodaboda, aliniandikia: “Shikamoo mwalimu. Nimeona kuna mahali Dar wanapima ubongo kwa mashine wanakupa ramani yake. Silali, moyo unanienda mbio, kazi naiona mzigo. Nataka niuze pikipiki nikapime. Unanishauri nini?” Nilimjibu usiku uleule. Lakini maswali ya aina hii yananijia sana tangu nianze kuzungumza waziwazi juu ya maradhi yangu, kwa hiyo leo nayajibu kwa kirefu. Ramani nimepimwa, na tiba ya mazungumzo nimepata. Nina la kusema.

Niliugua baada ya kumzika mama. Nafundisha baiolojia hapa Tanga mjini, na siku zote nilikuwa mtu wa kuingia darasani na kipindi kikachangamka. Ghafla nikawa nazinduka saa tisa usiku, na usingizi ndiyo basi tena. Mchana chaki inatetemeka mkononi. Chakula hakipiti. Siku moja ofisini mwalimu mwenzangu akasema, nami nasikia: “Huyu kilichobaki ni Lutindi tu.” Kwa asiyejua, Lutindi ni hospitali ya wagonjwa wa akili kule Korogwe, ipo tangu enzi za Wajerumani, na imewahudumia watu kwa zaidi ya karne moja. Haikustahili kugeuzwa tusi, wala mimi sikustahili kutukanwa nikiwa na msiba. Mpaka leo linaniuma.

Kaka yangu ndiye aliyelipia kipimo, kwa mapenzi kabisa. Nikavikwa kofia ya kitambaa yenye vifundo vya waya, kila kifundo kikajazwa jeli ya baridi. Fumba macho. Fumbua. Tulia. Haiumi hata kidogo, ila jeli ile ilinikaukia kichwani kama uji, na kwenye basi la kurudi Tanga nilikuwa nabandua magamba njia nzima. Mkononi nina karatasi zenye picha za kichwa changu zilizopakwa rangi, nyekundu upande wa mbele. Nikaambiwa mawimbi ya beta, yale ya kasi ya umeme wa ubongo, yamezidi, nahitaji mazoezi ya ubongo mbele ya kompyuta, kwa awamu, na kila awamu na bei yake. Hakuna aliyeniuliza kama nimefiwa.

Mashine yenyewe siisingizii. EEG, yaani kupima umeme wa ubongo, ni kipimo cha kweli. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Jena, Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuchapisha matokeo mwaka 1929. Vifundo vile, kwa kawaida 19, hunasa umeme mdogo mno, wa kiasi cha sehemu za milioni za volti, unaofika mpaka kwenye ngozi ya kichwa. Ukifumba macho ukatulia, kisogoni hujitokeza mawimbi ya alfa, kati ya 8 na 13 kwa sekunde. Ramani ni kazi ya kompyuta: inayahesabu mawimbi, inayalinganisha na ya watu wengine waliowahi kupimwa, kisha inapaka rangi palipozidi na palipopungua. Sasa, uchovu hubadilisha mawimbi. Dawa hubadilisha. Taya ikikazwa, umeme wa misuli huingia na huweza kuonekana kama beta. Mimi nilikuwa nimeamka alfajiri kuwahi basi, na mtu mwenye wasiwasi niambie ni lini taya yake inalegea.

Kama unaanguka na kupoteza fahamu, au unaganda ghafla macho yamekodoa, au uligonga kichwa na tangu hapo umebadilika, hiyo ni habari nyingine. Nenda kwa daktari, na akiagiza EEG usisite, kwa kifafa ni msaada mkubwa. Ila sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na wasiwasi, mpaka leo, hutambuliwa kwa kukuuliza na kukusikiliza. Hakuna picha ya ubongo ambayo madaktari wanaitegemea kuthibitisha kwamba una sonona.

Aliyenisikiliza nilimpata hapahapa, Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Alikuwa mama mtu mzima, mshauri nasaha, anaongea taratibu. Alianza na karatasi ya maswali 9 ya Kiswahili juu ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona huna thamani, kutamani kufa. Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Kisha akaweka kalamu chini. “Mwanangu, tangu mama aondoke, umelia lini?” Sikuwa nimelia. Nilikuwa msimamizi wa msiba, nagawa nauli, nahesabu sahani. Nikalia pale mbele yake, mwanamume mzima, naye wala hakuniharakisha.

Baadaye akanifundisha kuandika daftari, njia ambayo daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck aliianzisha Marekani miaka ya 1960. Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: “Kidato cha tatu wamecheka nyuma. Nimewaza: wananicheka mimi, wanajua naumwa. Ushahidi: hakuna. Kilichotokea: mbuzi alichungulia mlangoni.” Kazi nyingine ilikuwa kutembea kila jioni mpaka Raskazone, nitake nisitake. Usingizi ulirudi polepole. Leo nina madarasa yangu yote, na matokeo ya wanafunzi wangu nayaonea fahari.

Msidhani ni bahati yangu peke yangu. Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kutatua nao tatizo mojamoja. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, kati ya waliokaa kwenye benchi, waliobaki na sonona walikuwa takriban 14 kwa kila 100. Kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa takriban 50. Bila waya, bila rangi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Muheza, pikipiki usiuze. Ndiyo inayokulisha. Anza na hospitali ya wilaya, uliza kiliniki ya afya ya akili, omba rufaa ikihitajika. Swala na sala endelea nazo, mimi pia niliendelea. Mwambie mshauri ukweli wote, hata wa madeni, hata wa nyumbani. Rudi tena hata kama siku ya kwanza hukuona kitu. Akikuhubiria badala ya kukusikiliza, au ukikuta habari zako zimefika kijiweni, una haki ya kuomba mwingine. Ukiwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au unakesha siku kadhaa na wala huchoki, mazungumzo peke yake hayatoshi, unahitaji daktari na dawa. Na kama unawaza kujiua, usingoje siku ya kiliniki: mwambie aliye karibu nawe sasa hivi akupeleke hospitali, hata kama ni usiku wa manane.