Mchezo wa makanga: hesabu iwe ndani ya mchezo, isiwe mlangoni

SWALI: Mimi ni mwalimu wa hisabati wa Gredi ya 8, Kayole. Niliwaomba wanafunzi walete mawazo ya mchezo wa kompyuta wa kufundishia. Kundi moja linataka matatu itoke Kayole hadi mjini: ukijibu swali la hesabu inasonga, ukikosa inasimama. Jingine linataka chembe ya damu inayosafiri mwilini. Msichana mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba mchezaji awe makanga wa kurudisha chenji, wenzake wakamcheka. Tuna kompyuta sita kuukuu, intaneti ya kubahatisha, na hakuna ajuaye kuandika programu. Tuchague lipi, na tutumie programu gani?

JIBU: Mwalimu, mchukue wazo la huyo msichana. Kisha uwaeleze wenzake kwa nini, maana hapo pana somo zima la utengenezaji wa michezo.

Katika wazo la kwanza, matatu ni pazia tu. Ondoa matatu uweke ngamia au roketi, maswali yatabaki yale yale. Mtoto ataona kwamba hesabu ndiyo kizuizi kinachomkatiza raha, naye atatafuta namna ya kukikwepa. Niliwahi kutengeneza mchezo wa aina hiyo kwa ajili ya darasa moja, wenye majibu manne ya kuchagua. Siku ya pili watoto walikuwa wanabonyeza yote manne harakaharaka mpaka mlango ufunguke. Walicheza kwa furaha wala hawakupiga hesabu hata moja. Kosa lilikuwa langu, na liliniuma kwa sababu nilikuwa nimeukeshea mchezo ule.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza Jacob Habgood na Shaaron Ainsworth walichapisha matokeo ya mchezo wa kugawanya uitwao Zombie Division. Ndani yake unapambana na mifupa inayotembea, kila mmoja una namba kifuani, na silaha yako ni namba inayoigawanya ile bila baki. Toleo la pili lilikuwa na mapambano yale yale, ila hesabu ziliwekwa kando, kati ya hatua na hatua. Kwa muda uliolingana, watoto walijifunza zaidi katika toleo ambalo kugawanya ndiko kupigana. Walipoachwa wachague wenyewe, walilicheza hilo kwa muda mara 7 zaidi ya lile jingine.

Makanga yuko hivyo hivyo: kazi yake ndiyo hesabu. Abiria ananyoosha noti ya 500, anasema, "Watu watatu." Nauli ni 80. Watatu ni 240, chenji ni 260. Usimpe mchezaji kisanduku cha kuandika jibu. Mpe mkoba wenye sarafu za 5, 10 na 20, na noti za 50, 100 na 200, azibonyeze moja moja zimfikie abiria. Tena mkoba uwe na kiasi chenye mwisho. Hapo ndipo utamu ulipo: akimaliza noti za 50 mapema, mbele itambidi afikiri. Mmoja ametoa 100 na mwingine 200, nauli ni 50, na mkobani imebaki noti moja ya 200. Mmoja anadai 50, mwingine 150. Afanyeje? Kila mtoto wa Nairobi amewahi kusikia jibu: "Chukueni hiyo, mgawane." Kitufe cha "mgawane" kiwemo.

Akikosea, msiweke alama nyekundu ya X. Akipunja, abiria alalamike, "Konda, chenji yangu haijafika!" Akizidisha, gari liendelee kimya, na jioni mwenye gari akihesabu pesa zipungue. Atarudi mwenyewe kutafuta alipoteleza.

Kuhusu programu, tumieni Scratch. Ilitolewa na MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007, ni ya bure, na mtoto anaunganisha bloku za amri badala ya kuandika. Katika orodha ya lugha zake kuna Kiswahili. Ipo inayowekwa kwenye kompyuta na kufanya kazi bila intaneti: ipakueni mara moja saiba, muibebe kwa flashi. Toleo la 3 linahitaji Windows 10 au mpya zaidi. Kama mashine zenu ni za kale kuliko hapo, toleo la 1.4 bado litawafaa. Godot, programu nyingine ya kutengeneza michezo, nayo ni ya bure na ina nguvu zaidi, lakini inataka kuandika msimbo. Iacheni kwa sasa.

Vigeu (majina yanayohifadhi namba zinazobadilika) vya kuanzia ni vinne: nauli, watu, pesa na chenji. Chenji ni pesa kutoa nauli mara watu. Kompyuta ichague nauli kutoka kwenye orodha (50, 70, 80, 100) na noti ya abiria vivyo hivyo. Nakuhakikishia mtakutana na hitilafu hii: watu wawili, nauli 80, noti ya 100, na kompyuta inasema chenji ni −60. Wengi watataka kuizuia, na ni rahisi: rudia kuchagua noti mpaka itoshe. Mimi ningewaomba muiache. Abiria wa kulipa pungufu wapo, na mchezaji akitambua, abonyeze "Ongeza sitini." Namba hasi imepanda gari yenyewe, Mwalimu, bila kuitwa.

Kabla ya kugusa kompyuta, tumieni kipindi kimoja kuucheza kwa viti, vizibo vya soda na noti za karatasi. Kompyuta sita hazitoshi darasa zima, lakini vizibo vinatosha. Wala wasihofu kuhusu picha. The Oregon Trail, mchezo maarufu wa kufundisha historia ya Marekani, ulitengenezwa mwaka 1971 na wanafunzi watatu wa ualimu huko Minnesota. Darasa lililoucheza kwanza halikuwa na skrini. Maneno yalichapwa kwenye karatasi.

Chembe ya damu msiitupe. Itafaa kama kupotea njia ndiko kutafundisha: ukirudi nyuma, vali ya moyo inakufungia; ukifika kwenye misuli bila oksijeni, huna cha kupeleka. Mpeni mwalimu wa sayansi.

Watoto watataka kutia wimbo wa msanii wanayempenda. Bila ruhusa, hapana. Warekodi honi na "beba, beba" kwa sauti zao. Na mkiuweka mchezo mtandaoni, msiandike majina kamili wala kuweka nyuso zao. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto.

Ukikamilika, upitisheni kwenye TurboWarp Packager, programu ya kufungasha michezo ya Scratch, mpate faili moja la kufungua kwenye kivinjari cha simu bila intaneti. Mpe mtoto wa Gredi ya 7 ambaye hajauona, keti nyuma yake, usimwelekeze neno. Huyo msichana aketi kando yako na kalamu, aandike kila mahali mwenzake anaposita.