Kupima unene wa mwanajeshi: mizani, utepe au mashine?

Ndugu mwulizaji, salamu kwako na kwa wachangiaji waliotangulia. Umesema kwamba kaka yako, ambaye ni mwanajeshi na hunyanyua vyuma karibu kila jioni, ameandikiwa BMI (kipimo cha uzito wa mtu ukilinganishwa na urefu wake) ya 29 na kutakiwa apunguze uzito, ilhali kitambi hana, nawe unataka kujua ni kipimo kipi hasa cha kuaminiwa. Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi katika zahanati ya kambi moja hapa Pwani kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Likoni, na kupima uzito na viuno vya askari kulikuwa sehemu ya kazi yangu ya kawaida. Jibu langu fupi ni kwamba kwa mwanajeshi, mzunguko wa kiuno ukilinganishwa na urefu wake hueleza mengi zaidi kuliko mizani, mradi anayeshika utepe awe anajua kazi yake.

BMI hupatikana kwa kugawa uzito wa kilo kwa mraba wa urefu wa mita, na Shirika la Afya Duniani huhesabu 25 kuwa mwanzo wa uzito uliozidi na 30 kuwa mwanzo wa unene uliokithiri. Hesabu hiyo haijui kutenganisha misuli na mafuta. Jambo hili si geni kwa majeshi: mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, pamoja na mwenzake Welham, walichapisha vipimo vya wachezaji 25 wa kulipwa wa kandanda ya Kimarekani, na kwa majedwali ya urefu na uzito ya wakati huo 17 kati yao wasingefaa kuandikishwa jeshini kwa uzito wao. Walipopimwa kwa kuzamishwa majini, ilibainika kwamba wengi wao walikuwa na mafuta kidogo sana, na kwamba uzito ule ulikuwa wa misuli.

Hata hivyo, watu wanapoilaumu BMI humtaja daima mwenye misuli anayeonewa, na humsahau yule anayeponyoka. Chukua askari wawili. Wa kwanza ana urefu wa sentimita 175, kilo 90 na kiuno cha sentimita 84; BMI yake ni 29.4, lakini kiuno chake ni 0.48 ya urefu wake. Wa pili ana urefu wa sentimita 168, kilo 69 na kiuno cha sentimita 95. BMI yake ni 24.4, yaani anahesabiwa kuwa sawa kabisa, lakini kiuno chake ni 0.57 ya urefu. Huyu wa pili ndiye niliyekuwa nikimhofia: karani wa ofisini au mtunza stoo wa makamo, mikono myembamba, tumbo limetangulia, na shinikizo la damu linapanda kimyakimya. Mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo, na mizani haiyaoni.

Kwa sababu hiyo kanuni ya kiuno kisifike nusu ya urefu imepata nguvu. Jeshi la Anga la Marekani lilianza kuitumia mwaka 2023, likiweka hatari kubwa kuanzia 0.55. Jeshi la nchi kavu la huko lilikuwa likiwapima wanaume shingo na tumbo, na wanawake shingo, kiuno na nyonga, kisha kukadiria asilimia ya mafuta kwa fomula. Mwaka huohuo wa 2023 likahamia kwenye kipimo kimoja cha tumbo usawa wa kitovu pamoja na uzito. Mimi sikuwahi kuipenda fomula ya shingo, kwani mwenye shingo nene hupunguziwa asilimia bila tumbo lake kupungua hata kidogo.

Utepe nao una hila zake. Shirika la Afya Duniani huelekeza upimwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, wengine hupima kitovuni, na kwa mwenye kitambi majibu hayo mawili hayalingani. Asiyeandika amepima wapi huwa hajapima kitu. Askari naye huvuta tumbo ndani mara tu amwonapo muuguzi. Dawa yake ni kumzungumzisha, kusubiri atoe pumzi ya kawaida, kisha kupima mara mbili.

Kipimo cha mikunjo ya ngozi kwa koleo maalumu ni kizuri mikononi mwa mzoefu, lakini fomula inayotumika sana, ya Durnin na Womersley ya mwaka 1974, ilitokana na watu waliopimwa Glasgow, na siwezi kuitumia kwa kijana wa Kinango bila shaka kidogo moyoni. Mashine za kupitisha umeme hafifu mwilini hukadiria mafuta kwa kutegemea maji yaliyomo mwilini, hivyo aliyepungukiwa maji husomeka kana kwamba ana mafuta mengi kuliko aliyo nayo. Kwa joto la Mombasa, kumpima mtu alasiri ya Ramadhani kabla hajafuturu ni kumdhulumu. DEXA, mashine ya eksirei inayotenganisha mfupa, misuli na mafuta, ni bora kuliko hizi zote, lakini ni ya hospitali kubwa, si ya kupimia kikosi kizima.

Basi kaka yako na aombe kwa adabu, kupitia mkubwa wake, apimwe kiuno asubuhi kabla ya chai, mara mbili, na matokeo yaandikwe pamoja na urefu wake, shinikizo la damu na sukari. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu na hayo mengine yakiwa sawa, ana hoja nzito ya kuwasilisha kwa daktari wa kikosi. Kikizidi, vyuma visiwe kisingizio. Apunguze mahamri na viazi karai vya jioni, aongeze kukimbia, na apimwe tena baada ya miezi mitatu, mahali palepale pa mwili na, ikiwezekana, na mtu yuleyule.