Nimwonyeshe mwanangu filamu ya Kevin?

Waalaikum salaam, dada yangu wa Kisauni, Mombasa. Unauliza kama umwonyeshe mwanao wa miaka 15 ile We Need to Talk About Kevin, maana siku hizi amekuwa mkali na anakesha maskani na vijana unaowahofia.

Itazame wewe kwanza. Ni filamu ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Lynne Ramsay, kuhusu Kevin, kijana anayeua wenzake shuleni. Damu si nyingi kama unavyodhani. Mauaji ya shuleni, ambayo Kevin anayafanya kwa upinde na mishale, karibu yote hayaonyeshwi. Kinachochoma ni mamake, Eva, anayechezwa na Tilda Swinton: anaona mapema kwamba mtoto ana jambo, na kila akimwambia mumewe, anapuuzwa. Hapo ndipo penye faida, na ni faida yako na babake kuliko ya kijana. Kaeni muitazame nyinyi wawili, kisha mzungumze kwa kweli.

Mwanao akihisi unamfananisha na muuaji, hatakwambia neno tena. Tena filamu yenyewe haitoi sababu ya Kevin kuua. Wanaobeba mapanga huko kwenu tunajua yanayowavuta: kukosa kazi, dawa za kulevya, woga wa kutengwa na wenzao. Basi mwulize nani anamtisha, nani anampa pesa. Kama yuko mjomba ambaye mwanao anamheshimu, mjomba huyo ndiye amuulize, pengine kijana atafunguka zaidi. Mambo yakikushinda, piga 116, simu ya kusaidia watoto. Ni bure.